Mbwa Sita Waliotangulia Kidonge cha Busia

Ukishikwa na homa mjini Busia, jirani hakuulizi unaumwa nini. Anakuuliza kama umeshapima malaria. Kaunti hii imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta kwamba takriban asilimia 19 ya watoto wa ukanda huo walikuwa na vimelea vya malaria mwilini, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 6. Ndiyo maana karibu kila nyumba hapa inavijua vidonge vya njano vya AL. Kenya iliichagua dawa hiyo kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2004, ikaanza kuigawa katika vituo vya umma mwaka 2006. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3.

Kila kidonge kina dawa mbili. Ya kwanza ni artemetha, itokanayo na artemisinini, kemikali inayokamuliwa kwenye majani ya Artemisia annua, mmea wenye asili ya China ambao siku hizi hulimwa pia Afrika Mashariki. Ya pili, lumefantrini, ilibuniwa maabara. Kwa hiyo anayemeza AL anatumia dawa ya mmea, hata kama hajawahi kuiita hivyo.

Zipo dawa nyingine za mimea hapa mpakani mwa Kenya na Uganda ambazo hakuna asiyezitambua. Mizizi ya mukombero hutembezwa mkononi ikiwa imefungwa vifungu vifungu. Majani na magome ya mwarubaini yamepangwa juu ya gunia. Kuna chupa za plastiki zenye maji ya rangi ya chai, zisizo na lebo wala tarehe, na kuna gari lenye kipaza sauti linalotangaza kwamba dawa hii huponya presha, sukari, tumbo na nguvu za kiume kwa mpigo mmoja. Malaba, ambako madereva wa malori husubiri karatasi za forodha, soko la vitu hivi halilali. Anayetaka kukesha hununua miraa. Anayeumwa mgongo baada ya safari ndefu kutoka Mombasa hununua chupa.

Wauzaji wote wana kauli moja: hii ni ya asili, haina kemikali, haina madhara. Kauli hiyo ina jaribio lake, nalo ni swali la watu wa maabara: dawa hii ilipoingia mwilini mwa kiumbe hai kwa mara ya kwanza, moyo wake ulifanya nini, na pumzi yake ilikuwaje? Kwa dawa iliyomo kwenye AL swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halikuwa la kufurahisha.

Dozi ya siku nane

Mwaka 1994 Thomas Brewer na wenzake, watafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashtua wataalamu wa malaria. Walikuwa wakiichunguza arteetha, dawa iliyo ndugu wa karibu wa artemetha, na lengo lao la awali lilikuwa la kawaida: kujua dawa inakaa kwenye damu kwa muda gani. Walichukua mbwa 12. Sita walidungwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na sita wengine miligramu 20. Sindano ziliendelea kwa siku nane.

Mbwa wote sita wa dozi kubwa waliugua. Walianza kuyumba walipotembea. Wakapoteza hisia za maumivu, kisha macho yao yakaacha kuitikia. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba muda ambao moyo huutumia kujitayarisha kwa pigo linalofuata ulikuwa umerefuka, na michoro ya mapigo ilikuwa na maumbo ya ajabu. Mwishowe moyo na pumzi vikadhoofika pamoja, na watano kati ya sita wakafa. Walipopasuliwa, madhara yalionekana hasa kwenye shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Humo ndimo zinamotoka amri za kuvuta na kutoa pumzi tukiwa usingizini na tukiwa macho.

Wakati huo dawa za jamii ya artemisinini zilikuwa zimeshawatibu wagonjwa wengi China na Asia ya Kusini-Mashariki, na ilikuwa dhahiri kwamba Afrika ndiyo ingezihitaji zaidi, kwani dawa ya zamani, klorokwini, ilikuwa inashindwa. Ingekuwa rahisi kuyaficha matokeo hayo kwa hoja kwamba watoto wanakufa na hakuna dawa nyingine. Ingekuwa rahisi vilevile kuitupilia mbali dawa yenyewe. Watafiti hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Walianza kuuliza: madhara huanzia dozi gani? Je, njia ya kuitia dawa mwilini ina uzito wake? Je, binadamu aliyetibiwa anaonyesha dalili kama hizo?

Majibu yalikusanywa kwa zaidi ya miaka kumi. Kwanza, dozi iliyowaua mbwa ilikuwa mara kadhaa ya ile anayopewa mgonjwa. Pili, dawa iliyochanganywa na mafuta na kudungwa kwenye msuli huvuja polepole, hivyo ubongo unalowa dawa mchana kutwa na usiku kucha. Kidonge kilichomezwa hupanda kwenye damu na kushuka ndani ya saa chache. Majaribio kwa panya wadogo yalithibitisha kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo. Tatu, wagonjwa nchini Thailand walipimwa masikio na mishipa ya fahamu ya shina la ubongo, na nchini Vietnam ubongo wa wagonjwa waliofariki kwa malaria kali ulichunguzwa. Madhara yaliyoonekana kwa mbwa hayakuonekana kwa watu.

Baada ya njia hiyo ndefu ndipo dawa za artemisinini zilipoaminiwa kwa watoto wetu. Mwaka 2010 jaribio kubwa lililowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo zikiwemo, lilionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliodungwa artesuneti, na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Leo mtoto anayefikishwa hospitalini Busia akiwa amepoteza fahamu kwa malaria hudungwa artesuneti. Nyuma ya sindano hiyo kuna mbwa waliopimwa na watu waliokubali kusema walichokiona.

Mgunduzi wa artemisinini naye alipita njia hiyohiyo. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetunukiwa Nobel mwaka 2015, alipata mwaka 1971 maji ya mmea yaliyoua vimelea vyote katika panya na nyani. Lakini baadhi ya wanyama walionyesha dalili zilizotia shaka ya sumu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walijilaza hospitalini wakayanywa wenyewe huku wakichunguzwa, ndipo wakaenda kwa wagonjwa. Jambo linalosahaulika katika kisa hicho ni mpangilio wake: mnyama kwanza, kisha mgunduzi, mgonjwa baadaye.

Lango la moyo

Tangu mwaka 2000 kuna mwongozo wa kimataifa ujulikanao kama ICH S7A. Unataka kila dawa mpya ichunguzwe athari zake kwa viungo ambavyo vikisimama dakika chache tu, uhai umekwisha: moyo na mishipa ya damu, mapafu, na ubongo. Kazi hii hufanywa kabla dawa haijamfikia binadamu wa kwanza.

Kwa moyo, mnyama atumiwaye sana ni mbwa wa aina ya beagle. Chini ya ngozi yake huwekwa kifaa kidogo kinachorusha taarifa kwa mawimbi ya redio. Baada ya kidonda kupona, mbwa hukaa chumbani mwake bila nyaya wala kushikwa, naye anayesoma kompyuta huona shinikizo la damu, idadi ya mapigo na mchoro wa umeme wa moyo, usiku na mchana. Kumwacha mnyama atulie ni sharti la kisayansi pia, maana mbwa mwenye hofu hutoa mapigo ya hofu, na mapigo hayo hayasemi lolote kuhusu dawa.

Kinachotafutwa hasa ni urefu wa kipande cha mchoro kinachoitwa QT. Kila baada ya pigo, seli za moyo hufungua vilango vidogo na kuitoa potasiamu, ndipo ziwe tayari kwa pigo jingine. Anayeijua Malaba atauelewa mfumo huu upesi: lango moja la kutokea likikwama, malori yaliyo nyuma hurundikana. Dawa ikiziba vilango vya potasiamu, QT hurefuka, na pigo jipya linaweza kuingia wakati moyo haujawa tayari. Hapo moyo huanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu huanguka, na huenda asiinuke tena.

Panya, ambaye ndiye mnyama wa bei nafuu katika maabara zetu, hafai kwa kipimo hiki. Moyo wake hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika na hautegemei vilango hivyo kama wetu unavyovitegemea. Simbilisi na sungura wako karibu zaidi na binadamu. Moyo wa simbilisi unaweza kutolewa mwilini na kuendelea kupiga ukipitishiwa maji yenye chumvi, sukari na oksijeni, njia iliyobuniwa na Mjerumani Oscar Langendorff mwaka 1895 na inayotumika hadi leo. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani ya mitishamba imepimwa kwa panya na moyo haukudhurika, umeambiwa ukweli ulio mfupi kuliko unavyosikika.

Kwa pumzi, panya anafaa. Huwekwa ndani ya chombo cha kioo kisichopitisha hewa ovyo, na kila anapovuta pumzi, shinikizo la hewa ndani ya chombo hubadilika kidogo. Kutokana na mabadiliko hayo watafiti hujua anapumua mara ngapi kwa dakika na kila pumzi ina hewa kiasi gani. Mahesabu yote mawili ni ya lazima. Kuna dawa inayomwacha mnyama apumue kwa idadi ileile huku kila pumzi ikipungua, na atakayehesabu kifua kikipanda na kushuka hataona kasoro yoyote mpaka damu ikose oksijeni.

Mfano mkubwa wa dawa ya mmea inayozima pumzi ni mofini, itokayo kwenye afyuni. Ikizidi hulitia ganzi shina la ubongo na mtu husahau kupumua. Lakini ng'ambo ya Malaba, taasisi ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, imeufundisha ulimwengu namna mofini ya maji inavyoweza kumpa mgonjwa wa saratani usingizi wa amani nyumbani kwake. Dawa iliyo hatari kuliko nyingi imekuwa ya huruma kwa sababu kiasi chake kinajulikana kwa mililita.

Mti wa mishale

Afrika Mashariki haikungoja maabara ili ijue kwamba mmea unaweza kuusimamisha moyo. Wawindaji wa tembo wa kabila la Waata, katika nyika zinazoizunguka Tsavo, walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutokana na msunguti, mti ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Wagiriama walikuwa mabingwa wa kuipika na kuiuza. Mnyama aliyechomwa hakufa kwa jeraha. Alikufa kwa sababu moyo wake ulijikaza na kusimama. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga kemikali ya mti huo, ikaitwa ouabaini, jina lililotokana na lugha ya Kisomali.

Sumu nyingine ya mishale, inayotoka kwenye mtambaazi uitwao Strophanthus kombe, ilijulikana Ulaya kupitia John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone katika bonde la Zambezi, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo mkobani, naye alipoutumia alihisi uchungu mdomoni na kugundua kwamba mapigo ya moyo wake yamebadilika. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichukua sumu, akaijaribu kwa vyura na wanyama wengine, akaona jinsi moyo unavyokaza kabla ya kusimama. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana strofantini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi Ulaya kuwapa nguvu watu wenye moyo uliochoka. Daktari na mwindaji walikuwa wanatumia kitu kimoja. Kilichowatenganisha ni kiasi.

Kisa hicho kina jirani yake wa karibu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwemo, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Dawa hiyo ilichemshwa kutoka kwa mti wa mugariga, ambao kitaalamu ni Carissa. Katika mpangilio wa mimea, Carissa na Acokanthera ni ndugu wa tumbo moja, na asiyezoea anaweza kuvichanganya vichaka vyao porini. Hii haimaanishi kwamba kikombe kilikuwa sumu. Inamaanisha kwamba swali la moyo lilipaswa kuulizwa kabla foleni haijajipanga kwa kilomita na kilomita, hasa kwa kuwa waliokuwa ndani ya foleni ile walikuwa wagonjwa wa presha, sukari na maradhi ya moyo.

Watetezi wa tiba ya asili wana hoja nzito: babu zetu wametumia mimea hii karne nyingi, na kama ingekuwa inaua tungejua. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sumu inayoua papo hapo, ndiyo maana hakuna anayechemsha msunguti kuwa chai. Lakini dawa inayomwangusha mtu mmoja kati ya elfu kumi, wiki moja baada ya kuinywa, haionekani kwa macho ya kijiji. Mtu wa makamo akianguka ghafla Amukura au Samia, msiba huzungumziwa kwa majina mengine: presha, kurogwa, siku zake zilikuwa zimefika. Hakuna anayekumbuka chupa iliyokuwa chini ya kitanda. Kuyaona madhara adimu kunahitaji kipimo, hesabu na watu wengi.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa mama mjamzito

Mnyama hasemi yote, na pengine husema uongo. Mbwa wa 1994 waliashiria maafa ambayo hayakutokea kwa watu. Halofantrini nayo ilikuwa kinyume. Dawa hii ya malaria iliuzwa pia katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, na ilikuwa tayari mikononi mwa wagonjwa wakati utafiti uliofanywa mpakani mwa Thailand na Burma na kuchapishwa mwaka 1993 ulipoonyesha kwamba inarefusha QT kwa kiasi cha kutisha. Vifo vya ghafla vikaripotiwa, na dawa ikaachwa.

Funzo hilo liliangukia moja kwa moja juu ya AL. Lumefantrini ina muundo unaofanana na wa halofantrini, na wataalamu walikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi. Watu wenye afya waliojitolea walipewa dawa hizo mbili kwa zamu huku mioyo yao ikipimwa. Halofantrini ilirefusha QT. Artemetha na lumefantrini hazikufanya hivyo kwa kiasi cha kutia hofu. Mkenya anayemeza AL bila wasiwasi, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili lumefantrini inyonywe vizuri, anafaidi jibu la swali lililoulizwa kwa makusudi.

Kipimo cha karibu zaidi na msomaji wa Busia kimefanyika ng'ambo ya mpaka. Wilayani Busia, Uganda, watafiti waliwapa wanawake wajawazito dawa ya kuwakinga na malaria kila mwezi, baadhi yao wakipewa mchanganyiko wa dihidroartemisinini na piperakwini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Piperakwini inajulikana kuwa hurefusha QT. Kwa hiyo wajawazito wa Uganda walipimwa umeme wa moyo, dozi baada ya dozi. Ilionekana kwamba QT ilirefuka baada ya kumeza, lakini kadiri dozi za kila mwezi zilivyoendelea, urefu huo ulipungua badala ya kuongezeka. Kabla ya hapo, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 walikuwa wamepitia taarifa za watu wapatao 200,000 waliopewa dawa hiyo na kufuatiliwa kwa karibu. Walikuta kifo kimoja tu cha ghafla ambacho huenda kilitokana na moyo. Nchini Kenya mchanganyiko huo ni dawa ya akiba, AL inaposhindwa.

Ulimwenguni kuna juhudi za kupunguza wanyama katika kazi hii. Tangu mwaka 1959 watafiti wamekuwa wakiongozwa na kanuni ya William Russell na Rex Burch: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliondoa sharti la kisheria la kumtumia mnyama kwa kila dawa mpya, na seli za moyo wa binadamu zinazokuzwa maabara zinazidi kuchukua nafasi. Kenya yenyewe, kupitia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kufanya majaribio kwa mnyama bila leseni. Hizi ni hatua njema. Lakini zinahusu namna ya kupima. Hakuna anayependekeza tuache kupima.

Chupa isiyo na lebo

Turudi basi kwenye soko la mpakani. Hatari ya chupa isiyo na lebo ni zaidi ya mmea wenyewe. Mamlaka ya Dawa ya Uganda, NDA, imewahi kuonya kwamba dawa za mitishamba za nguvu za kiume zimekutwa zimetiwa sildenafili, dawa ya viwandani. Mwanamume anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akinywa chupa kama hiyo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi kufa, naye aliambiwa hakuna kemikali ndani. Miraa, inayowafanya madereva wakeshe, ina kathinoni, kemikali inayoharakisha mapigo na kupandisha shinikizo la damu. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra, mmea uliotumika China kwa karne nyingi, baada ya matatizo ya moyo na vifo. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kiasi, mtumiaji na sababu ya kuutumia.

Kenya ina mahali pa kupimia. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo Nairobi kinachoshughulikia tiba asilia na dawa. Taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 iko Karen, kando ya msitu wa Oloolua. Uganda ina maabara ya serikali ya dawa za asili Wandegeya, Kampala, na Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asilia Muhimbili. Karibu zaidi, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, KEMRI ina kituo Alupe, mahali palipojulikana zamani kwa utafiti wa ukoma. Mwaka 2020, foleni ya malori ilipofika maili nyingi ndani ya nchi kwa sababu ya korona, maabara ya Alupe ilipima sampuli za madereva. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu serikali za Kenya na Uganda zilikubaliana kwamba kisichopimwa hakivuki.

Kinachokosekana ni daraja kati ya muuza mizizi na maabara. Waganga wengi hawapeleki dawa zao kupimwa kwa sababu wanaogopa kuibiwa, na hofu hiyo ina msingi: Afrika imeshuhudia maarifa yake yakigeuzwa hataza za wengine. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016 inazipa kaunti jukumu la kusajili maarifa ya wenyeji ili faida isiwapite. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba asilia na kutaka isimamiwe. Kaunti ya Busia inaweza kuanza na hatua ndogo: kuwasajili wauzaji na mimea yao, kuilinda haki yao kwa maandishi, na kupeleka sampuli za zile dawa tano au kumi zinazouzwa sana mpakani. Hatua ya kwanza ya maabara si mbwa. Ni kutambua mmea kwa uhakika, kutafuta kemikali za viwandani zilizofichwa humo, na kuona kama dawa yenyewe inaziba vilango vya seli za moyo. Dawa zitakazovuka hapo ndizo zitakazostahili gharama ya mnyama na hatimaye binadamu.

Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na NDA ya Uganda nazo zinapaswa kubadilishana orodha. Busia na Malaba zina vituo vya pamoja vya forodha, ambamo afisa wa Kenya na wa Uganda huketi chini ya paa moja. Chupa iliyokatazwa Tororo, Uganda, haipaswi kuwa halali Amagoro, Kenya.

Kwako msomaji, maneno machache. Ukienda hospitalini, mtajie daktari mizizi au maji unayokunywa, na ikiwezekana beba chupa. Hutachekwa, na huenda ukaokoa moyo wako. Ukiwa na presha au maradhi ya moyo, usichanganye dawa ya hospitali na ya barabarani. Ukinywa kitu kisha ukahisi kizunguzungu cha kuanguka, moyo kwenda mbio bila mpangilio au pumzi kukupungukia, nenda kituo cha afya mara moja. Na muuzaji akikuhakikishia kwamba dawa yake haina madhara kwa kuwa ni ya asili, muulize ilipimwa wapi, kwa mnyama gani, na moyo wake ulifanya nini. Asipokuwa na jibu, iache pale mezani.